Aliyezaliwa na Mbuzi

Waithaka alikuwa mtu wa vituko, na ofisi nzima ilishamzoea. Kwenye gemu waliyokuwa wakitengeneza, kila jemadari aliyepewa jina Norman alikufa kwa kuhara kabla vita havijaanza. Norman mwenyewe, ambaye ndiye bosi, alitafuta kwenye programu mahali panapomuua, akatafuta hadi macho yakawa mekundu, akakosa. Kwa hivyo alipomwona Waithaka amesimama mbele ya meza yake asubuhi ile ya baridi ya Julai, hacheki, hana hata dalili ya kucheka, Norman alishtuka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Nataka tubadilishe ramani."

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Mchezaji anapewa nchi ya zamani, kuanzia Mlima Kenya mpaka Ngong na kushuka hadi Ukambani, miaka ile reli bado iko njiani. Analima, anafuga, anapigana, anaoza mabinti kwa majirani. Wenye pesa walipenda sana hiyo habari, kwamba vijana wa hapa watacheza historia yao badala ya kuteka Ulaya kila wikendi. Lakini kwenye ramani kila wilaya ilikuwa na rangi moja. Wakikuyu kijani, Wamaasai nyekundu, Wakamba manjano. Unavuka kijito kidogo tu na watu wote wanabadilika, kama mtu alipita huko na rula.

"Hiyo ni uongo," Waithaka alisema. "Huku kwetu Mountain View, huko Kangemi, mpaka kule juu Loresho, hakujawahi kuwa na rangi moja. Watu walikuwa wameoana, wamekimbiliana wakati wa njaa. Cucu yangu mwenyewe, mamake alikuwa Mkamba."

"Ati?" Ndanu aligeuza kiti. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika programu, msichana wa Machakos asiyebakisha neno mdomoni. "Kumbe we ni mjomba! Na vile umekuwa ukitucheka sisi Wakamba na muthokoi yetu, ati mahindi yasiyo na ganda. Ona sasa Mungu."

Waithaka alirudi kuinamia ramani bila utani wowote. Na hiyo pia haikuwa kawaida yake.

Sababu alikuwa ameahidi. Cucu Mwihaki, nyanya yake mzaa baba, alikuwa anapoteza macho. Moja lilishazima, na la pili daktari alisema waliache tu. Mamake cucu aliletwa huku akiwa kasichana, ile njaa kubwa ya wakati wa reli, akaachwa kwa boma la Wakikuyu ili apate kula. Hakuna picha yake hata moja. Kaburi nalo lilipotea wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, watu walipohamishwa vijijini kwa nguvu na mashamba kukatwa upya. Waithaka, kwa ule mdomo wake, siku moja alimwambia cucu: nitamweka kwa ramani, utamwona kabla hilo jicho halijaenda. Cucu aliishika hiyo ahadi kama mtu anayeshika mkono wa mtu kwenye giza. Kila jioni alikuwa anauliza.

Norman alikuna ndevu. Kwake shida ilikuwa simu. Simu za watu zingebeba vipi wilaya yenye watu wa aina mbili tatu? Lakini Ndanu alisema inawezekana, wilaya ipakwe kijani halafu iwekwe madoa ya manjano kulingana na watu waliopo. Norman akakubali, ila akaongeza lake.

"Ukiweka watu tofauti mahali pamoja, lazima mchezaji apate kitu cha kufanya nao."

"Kama nini?"

"Nitaona."

Ijumaa akaja Jackton, kijana wa kuwajaribia gemu, mpole, mcha Mungu, mtu wa kuomba kabla ya kula mandazi. Walimpa tableti ya ofisi wakakaa nyuma yake. Waithaka alikuwa amejaa furaha. Wilaya yao ya nyumbani ilikuwa pale, kijani kibichi, na katikati doa dogo la manjano, dogo kama punje ya mahindi. Alijua ni nani.

Jackton alicheza vizuri. Alilima, akachimba mitaro, akaoza binti kwa Wamaasai. Kisha mvua ya kwenye gemu ikakataa kunyesha, na alama ya fujo ikawaka kwenye wilaya.

"Mbona wanasumbua hawa?" Jackton aliuliza.

"Wamechanganyika," Norman alisema. "Bonyeza hilo doa uone."

Jackton akabonyeza. Vikatokea vifungo viwili. Kimoja kilisema *Waache waoane*, na chini yake maandishi madogo kwamba itachukua kizazi kizima. Cha pili kilisema *Hamisha*. Chini yake: mara moja.

Jackton hata hakufikiria. Kwa nini afikirie? Alikuwa anataka kushinda. Kidole kikashuka, doa la manjano likafutika, fujo ikazima, na gemu ikapiga kengele ndogo ya kumpongeza.

"Hii iko sawa," Jackton alisema. "Sasa naelewa. Kumbe unaanza kwa kuwatoa." Akasonga wilaya ya pili, akabonyeza. Ya tatu, akabonyeza. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kanisa.

Ndanu alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka ule mwaka wa kura, watu walipofukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, mamake akimfundisha njiani kujibu kwa Kiswahili tu mtu yeyote akiuliza jina. Alinyanyuka akaenda dirishani, akatazama chini kwa wachuuzi waliokuwa wakifunika bidhaa zao kwa nailoni.

"Toa hicho kifungo," Waithaka alimwambia Norman, baada ya Jackton kwenda.

"Nikikitoa, wilaya iliyochanganyika inakuwa ni adhabu tupu. Nani atacheza? Buda, mimi siwachukii watu. Ni hesabu ya gemu."

"Basi andika hesabu ingine."

"Wenye pesa wanakuja kesho. Niko na ya madoa pamoja na kifungo, ama niko na ile ya rangi moja. Wewe ndio ulileta hii maneno, wewe amua. Umpigie Ndanu jioni hii."

Akampa tableti aende nayo, labda kwa huruma.

Cucu Mwihaki alikuwa amekaa jikoni karibu na jiko, shuka mbili mabegani. Alimjua kwa hatua.

"Umekuja, mzee wangu?" Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, kwa kuwa Waithaka alirithi jina la mume wake. "Leo hata hunichokozi. Umeoa huko nje?"

"Nani atanichukua, cucu? Wewe umeshanizeesha."

Cucu akacheka, halafu akanyoosha mikono. "Lete."

Waithaka akawasha tableti, akaifungua ramani ya madoa, akaisogeza karibu kabisa na lile jicho moja. Cucu alichukua muda. Pumzi yake ilifanya ukungu kwenye kioo.

"Hii kijani ni sisi?"

"Ni sisi."

"Na hii ya manjano ni uchafu?"

"Hapana, cucu. Huyo ndiye mama yako."

Waithaka alingoja tabasamu, akaona mdomo wa mzee unaanza kutetemeka.

"Kwa nini amekaa hivyo kama ametemwa?"

"Si ametemwa. Ndio watu wajue alikuwa Mkamba."

"Nilikuambia habari ya mbuzi ama sikukuambia?"

Alikuwa amemwambia, mara nyingi. Waithaka aliichukua kama chumvi ya hadithi.

"Walichinja mbuzi," cucu alisema. "Mama akawekwa katikati ya miguu ya mke wa mwenye boma, akafunikwa, akatolewa hapo kama mtoto mchanga. Akalia hata, alikuwa ameambiwa alie. Wakamvika ukanda wa ngozi ya huyo mbuzi mkononi. Kuanzia siku hiyo alikuwa amezaliwa hapo. Hakuna mtu angemwambia toka, hata hasira ikimpanda namna gani. Na wewe, mjukuu wake, umeenda ukamtoa kwa nyumba."

"Lakini ulisema alikuwa akitwanga mahindi anaimba Kikamba."

"Aliimba. Mpaka akufe aliimba. Kwani nani alimkataza?"

"Cucu, kompyuta inajua kitu mbili tu. Mtu ni wa hapa, ama ni mgeni."

"Basi hiyo kompyuta haijaona mbuzi."

Siku nyingine Waithaka angecheka akaanguka. Aliwaza vile wageni wa Norman watakavyokaa kesho kwenye viti vya plastiki, wapewe chai, waambiwe bonyeza hilo doa. Akatoka nje kwenye manyunyu, akampigia Ndanu.

"Weka rangi moja."

"Una uhakika?"

"Paka kijani yote."

"Na cucu?"

"Paka tu, Ndanu."

Ilichukua muda mfupi sana. Aliporudi ndani tableti ilikuwa imejisasisha yenyewe, na wilaya ilikuwa kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, safi, hata inapendeza.

"Umetoa ile manjano?" cucu aliuliza.

"Nimetoa."

"Yuko ndani ya nyumba sasa?"

"Yuko ndani."

"Nionyeshe."

Waithaka akashika kile kidole kilichopinda, akatafuta mahali. Hapakuwa na mahali. Akakiweka tu, pale pale alipokisia.

"Hapa?"

"Hapo."

Cucu Mwihaki akaanza kupapasa kioo polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso, na kila alipopapasa, ramani ilimfuata kidole, ikateleza. Mountain View ikaenda, Ngong ikaenda, hadi chini ya kidole chake kukawa na ile sehemu ya pembeni ya kijivu ambayo hawakuwahi kuichora. Jicho lake halikuona. Aliendelea kupapasa, akinong'ona jina la mamake, na Waithaka akamwacha.