Breki ya Baiskeli Kwenye Gitaa la Nikolaus

Kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa Mathias kilikakamaa tangu kibanwe na mashine ya kufunga marobota ya tumbaku kule Usoke. Kwa kukandamiza nyuzi kilifaa. Kwa kuuvuta uzi mpaka ulie, hakuna kitu. Na mpiga gitaa asiyeweza kuliza uzi ni wa nini? Hilo lilimuuma kuliko kidole chenyewe.

Tumaini lake likawa gitaa kavu, lisilotumia umeme, la marehemu kaka yake, Nikolaus. Nyuzi zake zilipita juu ya daraja, kile kibao kinachoziinua, zikafungwa kwenye chuma cha mkiani, na hapo pangekaa kishikizo cha kubonyeza kwa kiganja, kikavuta uzi badala ya kidole. Mjane wa Nikolaus, Apolinaria, alimwazima gitaa hilo ili ampigie wimbo wa mumewe siku ya kumbukumbu.

"Lakini shemeji, ninavyokupa ndivyo utakavyonirudishia. Sitaki hata alama ya msumari."

Ezekia, fundi baiskeli wa Chemchem, alitengeneza kishikizo kwa mkono wa breki na spoku. Kazi ikawa pa kukifunga.

"Tutoboe vitundu viwili hapa, tumemaliza."

"Hatutoboi."

"Sasa kitashikwa na maombi?"

Wakakifunga kwa skrubu ileile ya kitufe cha mkanda wa begani. Kikayumba. Wakakaza, kikayumba upande wa pili. Uzi ulipanda vizuri, ila kurudi ukagoma. Mathias akapaka risasi ya penseli kwenye mfereji wa daraja ili uzi uteleze, ukarudi nusu. Akatukana, akatubu, akaanza upya. Wiki nzima, mtu mzima wa miaka hamsini anagombana na spoku!

Siku ya nane wakaweka vipande vya mpira wa tyubu kati ya chuma na mbao, maana huku kwetu hakuna kisichotulizwa na mpira wa tyubu. Kishikizo kikatulia. Uzi ukapanda, ukalia, ukarudi mahali pake. Mathias naye akalia, bila haya. Kwa wiki tatu za joto la Oktoba alipiga kila siku, na gitaa akalilaza chini ya paa la bati.

Asubuhi ya kumbukumbu Apolinaria akaja, akakiona kile chuma, akakikazia macho. Macho hayo Mathias hakuyaweza.

"Hakuna tundu, shemeji. Ngoja uone mwenyewe."

Akafungua kila kitu kwa kiherehere. Mpira haukubanduka; joto lilikuwa limeuyeyusha ukagandana na vanishi. Alipouvuta ukaja na vanishi, mbao ikabaki na mabaka meusi yanayonata. Apolinaria akafuta kwa pindo la khanga. Rangi ikahamia kwenye khanga.

"Miaka sita nalifuta kila Jumapili," alisema.

Mathias alitamani ajipige kofi. Nani alimtuma kufungua?

"Haya, nipigie wimbo wake," Apolinaria akasema, akaketi. "Watu wanakaribia kuja."

Kukirudisha kishikizo kulitaka nusu siku na Ezekia. Mathias akaanza hivyo hivyo. Alipofika pale uzi unapotakiwa kulia, akauvuta kwa kidole kibovu. Sauti ikapanda kidogo, ikafa. Akarudia. Ikafa tena.

Apolinaria aliinamisha macho, akamsubiri amalize, kama asubiriwavyo mgonjwa amalize kukohoa.