Kilicholiziba Lori la Muriithi

"Hiyo turbo ndiyo ilimuua, Mama Maxine! Unatafuta nini huko chini?"

"Turbo haiui mtu, Ndung'u. Nipe spana ya kumi na saba, halafu uendelee kupiga kelele."

"Ai! Kwani mimi ni fundi wako?"

"Wewe ni shemeji yangu na una mikono miwili. Lete."

Akaileta, akaitupa kwenye saruji karibu na kichwa changu. Nilikuwa nimelala chali chini ya lori la marehemu mume wangu, Muriithi, uani kwetu, mtaa wa Landless. Lilikuwa limesimama hapo wiki saba, tangu livutwe kutoka barabarani. Siku ile alikuwa amebeba mawe ya kujengea. Kwenye mwinuko lori likaishiwa nguvu, likatambaa, likatoa moshi mweusi. Akaegesha kando, akashuka kuangalia. Gari lililokuja nyuma halikumwona kwenye mvua.

"Saa nane wenye malori wanakutana Ruiru," Ndung'u akasema. "Yule fundi Khisa lazima atoke kwenye yadi yao. Mwezi wa tatu alibadilisha turbo, akasema lori limepona, likabaki vile vile. Kinachongojwa ni saini yako tu kwenye barua ya kumfukuza. Na wewe ndiyo unaanza kupimapima."

"Sitii saini kitu sijakipima. Nilisomea magari miaka mitatu, hapa hapa Thika."

"Diploma! Ndugu yangu yuko kaburini, unaniambia diploma."

Hilo liliniuma. Nikaendelea kufungua nati.

Upande wa hewa nilikuwa nimeumaliza. Shafti ya turbo niliizungusha kwa vidole, ikaenda laini, haichezi. Mipira ya hewa niliipaka maji ya sabuni injini ikinguruma, na hakuna povu lililotoka. Hata hivyo, hewa iliyosukumwa kwenye injini ilikuwa kidogo. Fundi mvivu angeishia hapo aseme turbo ni mbovu. Lakini turbo huzungushwa na moshi unaotoka, na moshi ukikosa njia, turbo haina cha kuizungusha. Hata mtu hawezi kuvuta pumzi mpya kabla ile ya kwanza haijatoka.

Nikatoboa tundu dogo kwenye bomba kati ya turbo na sailensa, lile pipa la kupunguza kelele ya moshi, nikafunga geji ya kupima msukumo.

"Panda ukanyage mafuta. Polepole, halafu mpaka chini."

Kwa lori hili, geji haikupaswa kupita tatu. Ilipita tatu hata kabla Ndung'u hajafika katikati. Ikapanda mpaka kumi na moja, injini ikikoroma kama mtu aliyekabwa koo.

"Zima!"

Nikaifungua sailensa, nikaishusha kwa magoti. "Kanyaga tena."

Safari hii injini ilipanda mara moja. Moshi ulitoka mweusi, kisha ukapauka. Jirani akafungua dirisha: "Mama Maxine, mnatuua na kelele!"

Ndung'u akashuka. "Kwa hivyo si turbo."

"Si turbo."

"Basi Khisa aliharibu sailensa."

"Khisa hakuigusa. Mara mbili aliomba kuifungua, ndugu yako akakataa. Muriithi aliniambia mwenyewe."

"Alikataa kwa nini?"

Nikachukua grainda, nikaipasua sailensa kwa urefu.

Ndani masizi yalikuwa yameganda magumu. Katikati ya masizi palikuwa na vyuma viwili vya mviringo, vimechomelewa kimoja nyuma ya kingine. Nikavikwangua kwa bisibisi. Matundu yakaonekana, karibu yote yamezibika.

Nilivijua. Vilikuwa vya majiko yangu ya chapati, vile vyuma vya matundu vinavyoshika makaa. Kimoja kilikuwa na ukingo uliomeguka, niliumegua mimi kwa nyundo. Mwezi wa pili nilivitafuta nyumba nzima, Muriithi akasema wameviiba watu wa vyuma vikuukuu. Na kuchomelea kule kulikuwa kwake, nukta nukta, kama mtu anayepanda maharagwe.

Nikaketi juu ya tairi.

"Ni nini?" Ndung'u akauliza.

"Ni vya jikoni kwangu."

Januari nilifanyiwa upasuaji, nikarudi nyumbani silali. Lori lilikuwa likilala chini ya dirisha letu na kuondoka likinguruma saa kumi alfajiri. Siku moja nikamwambia Muriithi, "Hilo lori lako litanimaliza kabla ya hiki kidonda." Nilisema mara moja tu, lakini nilisema. Baada ya wiki chache nikaanza kulala mpaka kuche. Nilidhani ni dawa.

Nilimweleza Ndung'u hivyo hivyo. Akachukua gunia, akaifunika ile sailensa.

"Hakuna aliyeona," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama yetu akisikia mwanawe aliliziba lori lake mwenyewe, na vyuma vya jiko, atakufa. Kanisani watacheka. Khisa ni fundi, atapata kazi kokote. Muriithi atapata wapi jina lingine? Nakuomba, shemeji."

Alikuwa analia. Sikuwa nimemwona akilia, hata mazishini.

Mazishini. Khisa alikuja, watu wetu wakamzuia langoni kwa maneno ya kikabila, ya kwao na kwetu. Akampa jirani maua, akaondoka kwa miguu. Nilimwona kupitia dirishani, na sikusema neno.

"Ngai wangu! Ndung'u, unadhani mimi nataka kusema? Wakijua alichofanya watauliza alifanya kwa ajili ya nani."

"Basi nyamaza."

Nilitaka kunyamaza. Nilipangusa mikono kwenye dera, masizi hayakutoka. Nikachukua simu, nikampigia Mbula, mwenyekiti wa wenye malori, nikaweka spika ili Ndung'u asikie.

"Mbula, ni mke wa Muriithi. Mmeanza?"

"Tunakungoja wewe, mama. Pole sana."

"Waambie wote wanyamaze."

Kelele za Ruiru zikapungua.

"Khisa hana kosa. Turbo aliyofunga ni nzima, nimeipima. Sailensa ndiyo iliyoziba, na aliyeiziba ni mume wangu. Aliweka vyuma ndani vipunguze kelele, ili mimi nilale."

Ndung'u alikuwa amefunika uso.

"Umesikia, Mbula?"

"Tumesikia." Akakohoa. "Khisa yuko hapa nje. Tulimkataza kuingia."

"Mpe simu," nikasema.