Zahanati Isiyokosea Hata Digrii Moja

Mkuu wa idara ya chanjo alikuwa mtu wa kutaka jambo la leo liwe limefanyika jana, na wafanyakazi, akishawapa kisogo, walimwita Bwana Haraka. Sherehe ya mwaka ya idara ilipokaribia alimwita binti wa kompyuta akamwagiza amtafutie zahanati bora: ile ambayo friji zake za chanjo hazijawahi kushuka chini ya digrii mbili wala kupanda juu ya nane.

Kusema ni rahisi. Kila zahanati ilikuwa na orodha ya friji zake, na kila friji orodha yake ya vipimo vya joto, na hakuna iliyolingana na mwenzake. Moja ilikuwa na friji tano zinazopimwa asubuhi na jioni. Nyingine friji moja, inayopimwa muuguzi akikumbuka. Programu ya kwanza ya binti ilidhani orodha zote zina urefu mmoja, ikagonga mwamba kabla ya chai. Akaiandika upya: ingia zahanati, fungua kila friji, pita kipimo kwa kipimo mpaka viishe, viwe vingi au vichache, ukikuta kimoja nje ya mpaka, itupe zahanati hiyo, nenda nyingine.

Zikapukutika. Hata hospitali kubwa iliondoka, eti mtu alisahau mlango wazi. Ikabaki moja tu, kule barabara ya lami ilikoishia. Binti alifurahi, kisha akafungua rekodi za zahanati hiyo azitazame kwa macho yake. Orodha ilikuwa tupu. Hakikukosea kipimo kwa kuwa hakikuwepo kipimo. Programu haikusema uongo. Yeye ndiye aliyeuliza vibaya.

Akaenda kumweleza mkuu, ambaye tayari alikuwa ameshatuma mialiko.

"Kuna kipimo hata kimoja kilichovuka mpaka?" mkuu aliuliza.

"Hakuna, mzee, lakini..."

"Basi. Hizo lakini zako zitatuchelewesha."

Siku ya sherehe muuguzi wa zahanati ile, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliitwa mbele. Mkuu alimsifu mpaka maneno yakamwishia, akamkabidhi friji mpya yenye utepe mwekundu, akampa kipaza sauti awafundishe wenzake siri yake. Binti, kiti cha nyuma, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Siri hakuna, baba," mama alisema. "Sisi hatuna friji. Siku ya kuchanja tunafuata chanjo zahanati ya jirani na kisanduku cha barafu, na zinazobaki tunazirudisha. Tumeomba friji mpaka tukachoka. Ahsanteni kwa kutusikia."

Mkuu ndiye aliyeanza kupiga makofi, na alipiga kwa nguvu kuliko wote. Kufikia jioni alikuwa akiwasimulia wageni jinsi idara yake inavyosikia kilio cha wanyonge, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Mwezi uliofuata simu ya binti iliita. Ni yule mama. Umeme ulikatika, friji ikafika digrii tisa. Chanjo alizihamisha mapema, haikuharibika hata moja, ila kipimo amekiandika kama kilivyo.

"Kwa hiyo mwanangu, zawadi ya mwakani tumeshaikosa," alisema, na binti akasikia anacheka. Nyuma yake mtoto aliyechomwa sindano alikuwa akilia kwa hasira. Mama akaomba radhi, akakata simu, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.