Mwambieni Nakuja

Msinipe pole, sizitaki. Niulizeni tu kwa nini udukai wangu, kangoma kembamba kiunoni kalikonilisha maisha yote, kananing'inia ukutani na sikapigi tena.

Kwetu harusi haifungwi kabla marehemu wa nyumba hajaitwa kisimani. Mpiga ngoma anataja jina, marehemu anampanda ndugu yake, anasema yanayomkera, kisha anaingia kwenye mtungi wa maji na kubebwa nyumbani akabariki. Miaka thelathini nimewaita wafu wa watu. Wa kwangu, mke wangu Kuppammal, sikuwahi kumwita hata mara moja. Niliogopa, nasema kweli.

Lakini binti yetu Anjalai alipochumbiwa alikaza shingo. "Baba, bila mama siolewi."

Basi asubuhi tukaenda kisimani na manjano na maua ya asumini. Dada wa marehemu, Pachaiyammal, aliyemlea Anjalai tangu uchanga, akaanza kunichokoza: "Shemeji, leo ngoma imekuwa nzito? Uzee huo!"

"Funga mdomo, simama pale," nikamwambia.

Nikabana kiuno cha ngoma, ikalia. Nilipotaja jina mara ya tatu, Pachaiyammal akapandisha. Nywele zikamfumuka, akanijia mpaka usoni. Sauti haikuwa yake. Mungu wangu, niliijua.

"Umepiga ngoma milango mingapi, mume wangu? Yote nilikuja, nikasimama nyuma ya wafu wa watu. Hukunitaja."

Niliendelea kupiga. Marehemu akishapanda, ngoma haikatwi. Ukiikata, marehemu haingii mtungini, anabaki anazurura.

"Siku ile namzaa huyu, nakufa," akasema, "ujumbe ulikufikia saa ngapi?"

Anjalai alikuwa ameshika mtungi. Maisha yake yote nimemwambia ujumbe ulichelewa.

"Asubuhi," nikasema. "Ujumbe ulinikuta kisimani, nimeshampandisha marehemu wa watu. Nikajibu, mwambieni nakuja. Nikamaliza kwanza. Nilifika jioni."

"Kwa hiyo hukuweza kuacha."

"Sikuweza."

"Acha sasa."

Nikamgeukia binti yangu. "Anjalai, nikiacha mama yako hataingia, hutapata baraka zake..."

"Baba, acha!" Alikuwa analia kwa sauti. "Mara hii moja tu, acha kwa ajili yake!"

Nikaacha. Pachaiyammal akaanguka chini, akazinduka akiuliza kwa nini tunalia. Anjalai akarudisha maji kisimani, akatangulia nyumbani bila kugeuka. Siku ya harusi aliniinamia miguuni kama desturi, lakini usoni hakunitazama.

Sasa naishi peke yangu. Peke yangu wapi! Kila nikiketi kula wali, ngozi ya udukai inavuma pale ukutani, polepole, na hakuna aliyeigusa. Naosha mkono, nasimama, chakula kinapoa.

"Nakuja, Kuppammal," namwambia. "Nakuja."