Pete Kumi na Mbili

Dereva huyu aliitwa Moshi, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watazamaji. Katika kila mashindano ya magari alianza mbele, akaendelea mbele, kisha gari lake likatoa wingu la buluu kama jiko la kuni mbichi na kulala kando ya njia, huku wenzake wakimpita na kumpungia mkono kwa huruma isiyo ya kweli. Sababu ilijulikana kwa kila mtu isipokuwa yeye: Moshi alinunua spea kwa kutazama boksi. Boksi likiwa na picha ya chui au ya miali ya moto, kwake hiyo ilikuwa dhamana tosha.

Aliyeumia kuliko wote kwa tabia hii alikuwa mpenzi wake, binti wa fundi wa injini, aliyeitwa Mikromita, kama kile kifaa cha mafundi cha kubana na kupima unene, kwa kuwa hakuamini kitu asichokipima. Alipima silinda, alipima chumvi ya mboga, na kwa miaka kadhaa alikuwa akimpima Moshi.

Sasa inafaa ielezwe, kwa heshima zote zinazostahili, sheria moja ya gereji ya baba yake. Kile kiduara cha chuma kinachovishwa pistoni ili moto usishuke na mafuta yasipande, mafundi wengi hukiita ringi. Kwa Mzee, neno hilo lilikuwa mwiko.

"Tuna lugha yetu," alisema. "Pistoni inavaa pete."

Aliyeteleza akasema ringi alioshwa ulimi kwa njia ya mikono: alikabidhiwa spana zote za gereji azisugue kwa dizeli. Moshi alizisugua mara nyingi mno, hata neno ringi likamtoka kichwani kabisa.

Ndipo siku moja Mikromita, akiwa amesimama kando ya injini ya Moshi iliyotolewa matumbo juu ya meza, akamgeukia.

"Moshi, nimechoka kungoja. Jumapili njoo nyumbani na pete. Baba atakuwepo."

"Pete?" Moshi akaitazama injini.

"Pete. Na uchague mwenyewe. Usimuulize Baba, wala usiniulize mimi. Nataka nione kama unaweza kuchagua kitu cha maana. Ukileta takataka, mimi na wewe basi."

Binadamu yeyote mwenye masikio angeelewa. Moshi naye alielewa, ila alielewa kitu kingine.

Alikwenda dukani akitokwa jasho. Muuza spea alikuwa mtu mnene aliyehudumia wateja bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Nataka pete za injini ya mashindano. Na pistoni pia, za zamani zimeyeyuka."

"Lile boksi la chui lipo."

"Sitaki chui. Nataka za kweli."

Muuza spea aliweka kikombe chini. Hakuwahi kusikia maneno hayo kutoka kinywa hicho.

"Pistoni za kufua au za kumimina?"

"Tofauti yake?"

"Ya kumimina ni kama sahani ya udongo, nzuri mpaka siku itakapoanguka. Ya kufua imepigwa ikashikamana, inavumilia kipigo. Ila ikipata moto inavimba, kwa hiyo unaiachia nafasi zaidi kwenye silinda. Asubuhi ikiwa baridi itagonga. Usishtuke."

"Kama jirani yangu."

"Anavimba?"

"Anagonga asubuhi."

"Basi chukua za kufua. Na pete chukua nyembamba, tatu kwa kila pistoni. Injini ikikimbia sana, pete nene hutetemeka, ikaacha kushika ukuta. Ya juu iwe ya chuma cha pua, maana ndiyo inayokula moto."

Moshi alizigeuza, akazinusa, akazirudisha, akazidai tena. Hakuna bwana harusi aliyewahi kuteseka vile mbele ya kabati la sonara.

"Mama," alitangaza alipofika nyumbani, "nimechagua pete."

Mama yake aliangusha mwiko. Aliisubiri sentensi hiyo tangu Moshi ang'oe jino la kwanza.

"Ya dhahabu?"

"Ya chuma, Mama. Dhahabu haihimili moto."

Mama alilitafakari neno hilo. Ndoa ina moto, hilo kweli. Kumbe mwanawe alikuwa na hekima, aliificha tu vizuri sana.

"Na zile nyingine nimechukua za kufua."

"Ziache kapuni, mwanangu. Leo sikugombezi."

Jumapili Mama alivaa gauni lenye wanga mwingi kiasi kwamba lingeweza kwenda peke yake. Moshi alitoka chumbani na ovaroli iliyopigwa pasi. Mama alifungua mdomo, kisha akakumbuka kwamba wakwe ni mafundi. Pengine hiyo ndiyo heshima yao. Akaufunga.

Sebuleni Mzee alikuwa ndani ya koti, kucha zikiwa bado na grisi ya tangu ujana wake. Mikromita alikaa pembeni, amependeza hata Moshi akashangaa mtu wa kwenda kufunga injini kuvaa viatu vile.

"Kijana," Mzee akasafisha koo, "tumesikia umeleta kitu."

"Nimeleta, Mzee. Tena sikuleta moja. Nimeleta seti. Kumi na mbili."

Mzee alimtazama binti yake kwa makini.

"Mwanangu ana vidole kumi."

Lakini Moshi alikwishafungua kifurushi. Alitoa pete ya kwanza, pana kama mdomo wa kikombe, akaiweka juu ya kitambaa cha meza kwa unyenyekevu mkubwa.

"Hii ni bangili," Mama akanong'ona. Kisha akaruka. "Tena imekatika! Mwanangu, wamekuuzia mbovu!"

"Haijakatika, Mama. Hilo ni pengo. Lazima liwepo, ikipata moto ipate pa kutanukia."

Mikromita alisema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Moshi. Nilisema pete. Ya kidole."

Ukweli ulimshukia Moshi kuanzia utosini. Alilitazama koti la Mzee, gauni la Mama, viatu vya Mikromita.

"Nyembamba," sauti ikasema. Mzee alikuwa ameinyanyua pete kwenye mwanga wa dirisha. "Chuma cha pua. Nani amekuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe, Mzee."

"Na pistoni?"

"Za kufua."

"Baba, iweke chini!" Mikromita alifoka. "Hatuzungumzii injini." Kisha akamgeukia Moshi, machozi yakimlengalenga. "Umepima pengo lake?"

"Ningepimaje? Aliyepo wa kupima si wewe? Ningempa nani mwingine?"

Hakusema hivyo kwa kubembeleza. Alikuwa anauliza kwa dhati.

Mikromita aliichukua ile pete, akavua viatu, akaelekea gereji nyuma ya nyumba. Wote wakamfuata, Mama akibeba gauni lake mikononi. Aliitumbukiza pete ndani ya silinda, akaisukuma kwa pistoni ili ikae sawasawa, akapitisha kibapa chembamba cha kupimia kwenye pengo. Kibapa kiligoma.

"Limebana. Ungewasha hivi, ungelala njiani tena." Akaivuta tupa ili alipanue. "Lakini ni pete nzuri."

Moshi akamsogelea.

"Basi na ile nyingine... ya kidole... niilete saizi gani?"

Mikromita akanyoosha mkono wa kushoto. Mzee akampa Moshi mikromita. Moshi alikibana kidole, akasoma namba kwa sauti.

"Hicho ni kidole cha tembo," Mzee akasema.

"Unasoma upande siyo," Mikromita akasema. "Lete huku."

Akajipima mwenyewe.