Mzizi Usikatwe

Jumatatu, tarehe 6 Novemba 1961, saa mbili kasoro robo asubuhi, palikuwa na kikapu kwenye kizingiti cha studio ya picha ya Mohdhar, Kisauni. Ndani ya kikapu mlikuwa na nyoga kumi na moja: saba upande huu, nne upande wa pili, na jani la mgomba katikati kuzitenga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Hakuna bibi harusi aliyekubali kulivuka lile tope, kwa hiyo Mohdhar hakuwa na mteja mwingine.

Kando ya kikapu alisimama Nyamvula, mwanamke wa Kigiriama wa makamo, ambaye kila msimu wa mvua tangu aolewe alichuma uyoga na kuuuza sokoni. Nyuma yake alikuwapo Gershom Nguma, msaidizi wa afisi ya afya, akiwa na barua aliyoificha ndani ya kofia isilowe.

Barua ilikuwa fupi. Wiki mbili nyuma, watu wanne wa nyumba moja ya Mishomoroni walikula uyoga waliouchuma wenyewe kwenye nyasi za uwanja wa mpira. Walitapika hadi wakapelekwa hospitali, na wote walipona. Afisi ikapiga marufuku uuzaji wa uyoga wa kila aina. Daktari wa wilaya angeiondoa marufuku hiyo endapo angepata picha mbili, ya uyoga unaoliwa na ya usioliwa, za kubandikwa sokoni na shuleni, ambazo mtu asiyejua lolote angeweza kuzitumia kuutenga huu na ule. Alizitaka kabla ya Ijumaa, kwani siku hiyo alikuwa akianza likizo ya miezi miwili. Uyoga wa kichuguu, ndio unaoliwa, ulibakiza wiki tatu uishe.

"Ukiharibu, Bwana Mohdhar," alisema Nyamvula, "mimi sina cha kuuza hadi mvua za mwaka kesho."

"Mama, mimi nimewapiga picha makadhi. Uyoga utanishinda?"

"Kadhi hukaa kitako akatulia. Huu unaoza."

Mohdhar alikuwa na sifa moja iliyojulikana kutoka Kisauni hadi Mkomani: hapakuwa na mtu aliyetoka studio kwake na doa usoni. Kovu la ndui, chunusi, kola iliyochakaa, vyote viliondoka, kama si mbele ya kamera basi baadaye, kwa penseli yenye ncha kali juu ya filamu. Aliufanyia uyoga vivyo hivyo. Uyoga wa kichuguu ulikuwa na mzizi mrefu uliojaa udongo; akaukata kwa wembe ili usimame sawa juu ya kitambaa cheusi. Uyoga wa nyasini ulikuwa na pete ya ngozi iliyoning'inia shingoni kama kitambaa kikuukuu, akaivua.

"Unaukata miguu!" alisema Nyamvula.

"Naunyoosha, mama. Picha hii itatazamwa na watu."

"Mimi pia ni mtu, na sasa sijui upi ni upi."

Mohdhar alicheka kwa adabu na kuingiza kichwa ndani ya kitambaa cha kamera. Jioni hiyo aliziosha filamu, akaona kwamba kofia ya uyoga wa nyasini ilikuwa na magamba. Aliyafuta yote kwa penseli. Ilimchukua saa moja na nusu, na hakuiona saa hiyo kuwa ndefu.

Jumanne saa kumi alasiri Gershom alirudi na picha zile zile.

"Daktari amezitazama sana," alisema. "Ameuliza kama ni uyoga mmoja uliopigwa mara mbili."

"Daktari amechoka. Anataka likizo."

Gershom alizilaza picha mezani, uso juu. "Upi unatapisha?"

Mohdhar alionyesha wa kushoto bila kusita. Gershom akaigeuza picha. Nyuma yake, kwa mwandiko wa Mohdhar mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Unaliwa.

"Hebu zichanganye tena."

Mara ya pili alikosa tena. Mara ya tatu alipata, na Gershom akasema kwamba hata kipofu angepata mara moja kati ya tatu.

Mohdhar alizipeleka filamu dirishani akaziangalia. Alama zilizoutenga uyoga wa kichuguu na wa nyasini zilikuwa nne. Mzizi alikuwa ameukata. Pete alikuwa ameivua. Magamba alikuwa ameyafuta. Ya nne ilikuwa rangi: uyoga wa nyasini ukikomaa, mikunjo iliyo chini ya kofia hugeuka kijani, na ya kichuguu haigeuki. Hiyo haikuwa kosa lake. Filamu yake ilijua nyeusi na nyeupe tu.

"Jumatano na Alhamisi," alisema hatimaye. "Zimebaki siku mbili. Mwambie mama asichume kitu. Nitakuja mimi."

Jumatano asubuhi alibeba kamera na miguu yake mitatu hadi kwenye kichuguu nyuma ya shamba la Nyamvula, huko Mishomoroni. Nyamvula aliuchimba udongo kwa jembe upande mmoja tu, taratibu, mpaka mzizi wote ukaonekana ukishuka ndani ya kichuguu, urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Gershom akaweka rula kando yake. Mohdhar akatoa leso mfukoni na kuinama.

Nyamvula alimpiga kofi mkononi. "Uache na uchafu wake!"

"Tope kidogo tu, mama, hapa kwenye kofia."

"Bibi harusi akiwa mrefu, nawe humkata miguu aenee kwenye picha?"

"Wallahi wapo niliowafupisha. Lakini waliniomba wenyewe."

"Huu haujakuomba."

Leso ikarudi mfukoni. Kutoka hapo walikwenda uwanjani, wakaupiga uyoga wa nyasini ulipoota, pamoja na pete yake, magamba yake na rula, kisha mwingine uliolazwa chali ili mikunjo ionekane.

Alasiri, studioni, Mohdhar alifungua kisanduku cha rangi za maji alizotumia kupaka midomo na vito vya maharusi. Nyamvula alikaa dirishani akiwa ameshika uyoga uliokomaa, mikunjo juu. Mohdhar akapaka kwenye karatasi ya majaribio.

"Hiyo ni kijani ya kilemba," alisema Nyamvula.

Akapaka tena.

"Hiyo ni ya majani. Tia kijivu. Mkate ukiota ukungu hujauona?"

Ya nne ndiyo aliyoikubali, nayo Mohdhar akaipaka kwenye picha. Kabla ya kuikabidhi picha ya kichuguu, Mohdhar alishika muhuri wa studio akasita. Watu wangeona tope hilo na jina lake pamoja. Gershom alimkumbusha kwamba shule zikitaka nakala zingehitaji kujua pa kuziagiza. Akaupiga muhuri kwenye pembe, pale udongo ulipokuwa mwingi zaidi.

Alhamisi saa nne, afisini, daktari aliwaita watu sita ambao hawakuwahi kuchuma uyoga: makarani wawili, mpishi, dereva, mkunga na mwalimu. Kila mmoja alipewa picha zile na nyoga kumi zilizochanganywa. Watano hawakukosea hata mmoja. Dereva aliutupa uyoga mzuri mmoja upande wa mbaya, kwa sababu mzizi wake ulikuwa umevunjika njiani. Daktari alisema kosa la namna hiyo halimdhuru mtu. Akaandika kwamba uyoga wa kichuguu uuzwe, kwa sharti moja: mzizi usikatwe.

Ijumaa asubuhi picha zilitundikwa sokoni, na Nyamvula akatandaza mafungu yake chini ya picha hizo. Mohdhar alisimama upande wa pili wa njia akijifanya anasubiri mtu. Watu walitazama na kupita. Kisha alikuja Mwanasaumu, mwenye ile nyumba ya Mishomoroni ya watu wanne waliotapika, akasimama mbele ya picha kwa muda mrefu.

"Nani kapiga picha chafu hivi?"

"Mohdhar," alijibu Nyamvula.

"Huyu wetu? Wa maharusi?"

"Huyo huyo."

Mwanasaumu aliokota uyoga mmoja, akaupindua akatazama chini ya kofia, akautazama wa pichani, kisha akauvuta mzizi mara mbili. Haukukatika. Akanunua fungu.

Jumamosi saa moja asubuhi Gershom na Mohdhar walibisha hodi kwa Mwanasaumu. Uyoga ulikuwa umeliwa jana yake usiku, wote. Watu wanne wa nyumba hiyo walikuwa wakinywa chai.