Talaka Tatu za Mgiriki

Niliachwa mara tatu mchana mmoja, na mume aliyekuwa akinipenda, kwa sababu kuna Mgiriki alikuwa akingoja wingu lipite. Nikisimulia hivi watu hudhani natania. Sitanii hata kidogo, maana ni utani huohuo uliotaka kunivunjia nyumba.

Mgiriki mwenyewe aliitwa Aristides. Alikuja mtaani kwetu, nyuma ya soko la Kariakoo, katika miaka ile Waingereza walipoanza kupenda picha za senema. Alikuwa na kamera ya kuzungushwa kwa mpini, kofia pana, na Kiswahili alichokipata kwenye mashamba ya mkonge alikokulia. Alisema ametumwa na wakubwa fulani wanaotaka kuona maisha ya watu wa Dar es Salaam yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kweli tupu, ndilo neno lake asubuhi na jioni. Basi akakaa barazani kwetu akitutazama. Mume wangu Zahoro, fundi bati, aligonga madebe matupu akatoa vibatari. Mimi nilichoma vitumbua, nikauza, nikaongea. Mwisho Mgiriki akajifunika uso kwa kofia, akasema maisha yetu ni ya kweli sana lakini hayana jambo.

Ndipo akatuomba tuachane. Kwa picha tu, alisema. Watu wa Ulaya wakimwona mke anatoka nyumbani na furushi kichwani, watakaa kwenye viti vyao mpaka mwisho. Nilimuuliza ile kweli tupu imekwenda wapi. Akajibu kwamba talaka mjini zipo, watu wanaachana kila siku, ila yeye hana nafasi ya kuwavizia, kwa hiyo anatuazima sisi. Mpaka leo sijaelewa jibu lile, lakini nilikubali kabla Zahoro hajafungua mdomo. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa nyumba yetu. Zahoro ni mtu wa maneno machache, na mimi ni mtu wa maneno yaliyobaki.

Kazi ilianzia mwisho. Jumatano Aristides alinipiga picha nikitoka mlangoni na furushi, nimeinamisha kichwa, nimekwisha kuachwa, na huku mume wangu yuko ndani anakunywa uji. Machozi yalikataa kutoka, ikabidi jirani yangu Sitara aniletee kitunguu. Nilipokuwa napita uani, jogoo wetu akanikatiza njia, na Aristides akafurahi sana, akasema huyo hakumpanga yeye.

Lazima niseme habari za jogoo huyu. Alikuwa kishingo, shingo tupu nyekundu, na mkia wake ulinyofolewa na mbwa wa sokoni. Mtaa mzima ulimjua, kwa kuwa aliwika adhuhuri na kuwakimbiza wageni kabla hawajamaliza kupiga hodi. Alhamisi, siku ya pili yake, tulikuwa na hitima ya marehemu mama mkwe wangu, na jogoo akaingia chunguni. Mwalimu Abdulla, aliyetufungisha ndoa na ambaye mtaa wote ulimpelekea maswali yake ya dini, alisoma dua, akapewa paja. Alisema nyama ni ngumu lakini ina ladha.

Jumamosi ndiyo ikawa siku ya talaka yenyewe. Aristides alimkalisha Zahoro barazani na nyundo yake, akanisimamisha mbele yake, akataka mume wangu aseme maneno ya talaka kwa sauti, tena kwa jina langu hasa. Mdomo unaotaja jina la uongo huonekana kwenye picha, alisema. Zahoro akasita. Alinitazama, akaanza kusema kitu, nami nikamkatiza, nikamwambia picha yenyewe ni bubu, nani atakusikia, maliza tukale.

Mara ya kwanza alisema, "Mwanamize, nimekuacha," kama mtu anayeomba chumvi. Wingu likaziba jua, ikawa kazi bure. Mara ya pili Sitara, aliyekuwa ameshika shuka jeupe la kuturudishia mwanga usoni, alicheka mpaka shuka likatikisika. Kabla ya mara ya tatu Aristides alimwendea Zahoro, akamshika bega, akamwambia aongeze kitu cha kwake mwenyewe, kitu kilichomkaa moyoni. Kisha akaangalia juu, akarudi kwenye mpini, akasema anza, jua lipo.

Zahoro akaweka nyundo chini.

"Miaka yote hii nikianza neno, unalimaliza wewe," alisema. "Hata sauti yangu siijui ikoje. Mwanamize, nimekuacha."

Sitara hakucheka. Mgiriki akasema safi kabisa. Mimi nilitaka kujibu nikakuta sina jibu, na jambo hilo halikuwahi kunipata tangu nizaliwe.

Yangeishia pale kama ningekuwa na mume kama waume wengine. Lakini Zahoro ni mcha Mungu, na baada ya swala ya alasiri alimfuata Mwalimu Abdulla akamuuliza. Mume gani huenda kuuliza jambo kama hilo? Mwalimu alivua miwani akaifuta. Talaka haina mzaha, alisema. Anayeitamka kwa kucheza ni sawa na aliyeitamka kwa hasira. Akauliza ilitamkwa mara ngapi, na Zahoro, ambaye uongo haujui hata kwa kuusikia, akasema tatu. Kwa jina lake? Kwa jina lake. Nyumbani kwake? Barazani, mbele ya watu.

Jua halijazama nilikuwa nimefunga furushi, safari hii bila kitunguu, naelekea Buguruni kwa kaka yangu Mgeni. Nililia njia nzima, machozi mazuri kupita yale ya Jumatano, na hapakuwa na wa kunipiga picha.

Talaka tatu si jambo la kurekebishwa kwa kuombana radhi. Nisingeweza kurudi kwa Zahoro mpaka niolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, na huyo naye aniache kwa hiari yake. Na mimi nilimtaka Zahoro. Nilitaka kelele za bati lake asubuhi, nilitaka anyamaze karibu yangu. Kwa kaka Mgeni niliongea mchana kutwa na kila mtu alinijibu, nikagundua kwamba sipendi kujibiwa.

Habari ikaenea Kariakoo nzima. Abbasi muuza nyama, mgane mwenye moyo mwema na ndevu zilizopakwa hina, akaanza kuleta maini Buguruni. Hakuposa, maana nilikuwa ndani ya eda, na Mwalimu alikwisha kumwonya. Alileta maini tu, akamwambia kaka yangu kwamba yeye yuko tayari kuisaidia jamii. Shemeji yangu aliyapika, na kila mtu nyumbani akaanza kumsifu Abbasi huku akitafuna.

Mwalimu hakufurahia kutuvunja. Alifunua vitabu vyake, na siku moja akamwita Zahoro akamwambia ameona mlango mmoja. Mtu akisimulia hadithi, na ndani ya hadithi mume akamwacha mkewe, msimulizi hajaacha mtu. Maneno yale ni ya hadithi. Kwa hiyo swali ni moja tu: ile picha ni mzaha wa watu na maisha yao, au ni hadithi? Kama ni hadithi, mwenyewe aje aseme ni yake.

Mwenyewe alikuwa Aristides, na Aristides akakataa. Zahoro alimfuata chumbani kwake, alikokuwa akikata mikanda kwa mkasi na kuiunganisha kwa gundi, akamsihi. Mgiriki karibu alie. Wakubwa wamelipia kweli tupu, alisema. Akikiri kwamba ametunga, picha itatupwa na jina lake litatupwa nayo. Yeye si mtunga hadithi, yeye ni jicho. Akamfariji Zahoro kwamba kati ya zile talaka tatu amebakiza moja, nyingine mbili zimo kwenye ndoo ya takataka. Zahoro akaenda mbio kwa Mwalimu na ndoo ile. Mwalimu akaitazama, akasema hakuna kitabu kinachozungumzia talaka zilizomo ndani ya ndoo.

Hata hivyo Mwalimu akaamua kuiona picha kabla ya kukata shauri. Aristides alikuwa anaionyesha Mnazi Mmoja, kwenye shuka lilelile la Sitara, na watu walikaa chini wakajaa uwanja mzima. Mimi nilikuja na kaka Mgeni kwa ruhusa ya Mwalimu. Zahoro alikaa ng'ambo ya pili ya umati. Abbasi alikuja na maini.

Sasa nitakachosema ni aibu, lakini ni kweli. Picha ile ilikuwa nzuri. Nilimwona Zahoro anagonga bati, nikajiona mimi nikiongea, naongea, naongea, mdomo hautulii, na yeye anainua kichwa mara moja moja kama mtu anayetafuta mlango. Nikamwona akiweka nyundo chini. Midomo yake ikacheza bila sauti. Kisha nikatoka na furushi, ninalia. Sitara, aliyenimenyea kitunguu kwa mikono yake, aligeuka akanikumbatia huku akilia na kusema pole dada, kumbe alikuonea. Mwanamke mmoja nyuma yetu akamlaani Zahoro na ukoo wake. Mimi mwenyewe nilimwonea huruma yule mke. Nilisahau kwamba vitumbua vyangu vilikuwa jikoni vinaungua siku ile.

Ndipo jogoo akapita.

Alipita mbele ya furushi langu, shingo tupu, hana mkia, kifua mbele. Mwalimu Abdulla akasimama. Kivuli cha kilemba chake kikaziba nusu ya nyumba yangu.

"Rudisha hapo," alimwambia Aristides. "Huyu jogoo nimemla."

Aristides akarudisha mkanda. Jogoo akatembea kinyumenyume, akapita tena. Mwalimu akauliza umati talaka ilitamkwa siku gani, watu wakajibu Jumamosi. Hitima je? Alhamisi. Basi vipi jogoo aliyeliwa Alhamisi anatembea baada ya talaka ya Jumamosi? Aristides akasema kwa sauti ndogo kwamba labda ni jogoo mwingine. Uwanja mzima ukaguna, maana hata Buguruni walimjua jogoo yule. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Alisema yeye ni mwamuzi na hawezi tena kuwa shahidi, hata kama bado anaikumbuka nyama. Anataka aliyemchinja.

Aliyemchinja alikuwa Abbasi.

Kila mtu akageuka kumtazama. Abbasi alikuwa na kifurushi cha maini magotini. Angesema hakumbuki, na nani angembishia mtu anayechinja kila siku? Aliyapapasa maini yale. Kisha akasimama, akasema ni yeye, Alhamisi asubuhi, na jogoo alimdonoa kidole, kovu hili hapa. Akaketi. Akampa maini jirani yake.

Mwalimu akamgeukia Mgiriki, akamuuliza ni nani aliyemweka jogoo mfu baada ya talaka. Aristides akasema ni yeye. Na ni nani aliyesema kuwe na talaka? Ni yeye. Na neno lenyewe, nimekuacha, lilitoka kwa nani?

"Kwangu," alisema Aristides, akavua kofia. "Neno la talaka nilimpa mimi. Yale mengine alileta mwenyewe."

Basi wewe ni mtunga hadithi, alisema Mwalimu, na hakuna mtu aliyeachwa hapa. Watu wakashangilia. Aristides alisimama kama aliyekamatwa akiiba, mpaka wakaanza kumpigia kelele aionyeshe tena tangu mwanzo. Nikamwona anafuta macho kwa kofia. Waliitazama tena, wakalia palepale walipolia mwanzo, na yule mwanamke wa nyuma yetu akamlaani tena Zahoro.

Wengi walicheka Aristides aliposema yale mengine alileta Zahoro mwenyewe. Mimi sikucheka.

Asubuhi yake nilirudi na furushi langu. Zahoro alikuwa barazani na madebe. Aliponiona alisimama, akanipokea mzigo, macho yamemjaa, nami nikasema kwanza yale niliyokuwa nayo: kwamba nimemkosa, kwamba kwa kaka Mgeni hakuna anayejua kunyamaza, kwamba amekonda, nani alikuwa anampikia. Nikasema mengi. Kisha nikaketi kwenye kigoda changu cha vitumbua.

"Ile ya tatu," nikamwambia. "Ulikuwa unaigiza?"

Akafungua mdomo. Nilijua atakalosema, nilikwisha kulishika kwenye ncha ya ulimi, na jibu lake, na jibu la jibu lake. Nikaumeza ulimi wangu pamoja na yote. Zahoro akangoja nimkatize. Alipoona simkatizi, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama anayemtafuta Mgiriki.

"Anza," nikamwambia. "Jua lipo."